Kibuyu Nyuma ya Mashine ya Baridi

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine. Wapo watu katika kisa hiki wanaostahili jina hilo kidogo kidogo, lakini mwenye hisa kubwa ni mimi, Privatus, mtoto wa Nshamba, fundi wa kila kitu kisichoweza kulalamika.

Wiki iliyopita mliniacha uani kwa Mzee Karugendo kule Nshamba, kofia mkononi, mbwa wake ananinusa magoti. Nilikuwa nimemwomba binti yake, Klaudia, nimwoe. Mzee hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Aliniwekea masharti.

"Niletee mtu anayejulikana akusemee," alisema. "Na niletee rubisi, pombe ya ndizi uliyoikanyaga kwa miguu yako mwenyewe, si ya kununua. Jumamosi nakuja mjini Bukoba. Nitapita hapo unapokaa, nione yote kwa macho yangu."

"Waitu, mzee wangu, posa huletwa kwako," nilimwambia. "Si wewe unayeifuata."

"Huletwa na mtu ninayemwamini. Wewe nakufuata."

Klaudia alikuwa mlangoni anachambua maharage. Hakuinua uso, ila mabega yake yalikuwa yanacheka.

Hapo ndipo tulipoachana. Twende.

Bukoba nilikuwa nakaa Kitendaguro kwa shangazi yangu, Kokugonza. Shangazi alikuwa mpishi aliyekaa uani kwa Bwana Ishengoma, afisa mmoja ambaye ofisi yake sitaitaja kwa sababu bado ina mlango na mimi bado nina haja zangu. Mpango wa Madaraka Mikoani ndio uliomtoa Dar es Salaam akarudishwa kwao Kagera. Alikuja na makochi, redio, mke aliyerudi Dar baada ya mvua za kwanza, na sanduku la chuma zito kama ng'ombe aliyekataa kutembea.

Siku hizi wasomi wanaliita kiyoyozi. Sisi tuliliita mashine ya baridi.

Fikiri mwenyewe. Bukoba hii, ambako mvua ya asubuhi huikuta ya usiku haijaondoka, mtu ameleta baridi kwa meli.

"Angeleta na kikapu cha matope," alisema shangazi, "ili asikose kitu."

Mashine ilichomekwa kwenye dirisha la sebuleni na haikuwashwa hata mara moja. Ilikaa pale kama mkwe aliyenuna. Mpaka mwezi wa tano, mvua za masika zikielekea mwisho, Bwana Ishengoma aliponiita.

"Privatus, umewahi kushika mashine ya baridi?"

Nilikuwa nimewahi kushika friji ya mafuta ya taa ya misheni. Niliishika upande mmoja, siku ya kuihamisha.

"Sana tu, bwana mkubwa."

"Usiniite bwana mkubwa. Hatuna mabwana wakubwa siku hizi. Niite ndugu."

"Sana tu, ndugu bwana mkubwa."

Alinitazama, akaamua kusamehe. "Dar es Salaam, mtu mwenye akili hukagua mashine yake kabla joto halijaingia. Asafishe, awashe, asikilize. Akingoja jua liwake ndipo aanze kutafuta fundi, amekwisha. Na sisi kiangazi hiki hapa kinakuja."

Kiangazi cha Bukoba mimi nakijua. Ni wakati ambao unajifunika blanketi moja badala ya mawili.

"Tena," akaendelea, sauti ikashuka, "Jumamosi nina mgeni. Ndugu Ildefons, kutoka makao makuu. Yeye ndiye anayeamua nani abaki mkoani na nani arudi Dar. Ofisi yake ina mashine kama hii. Nataka akiingia sebuleni kwangu ajione yuko kwake. Utalipwa."

"Sitaki hela, ndugu."

Akashtuka. Afisa husumbuliwa sana na mtu asiyetaka hela.

"Nataka mdomo wako," nikasema. Nikamweleza habari ya Mzee Karugendo, kwamba anakuja Jumamosi hiyohiyo, na kwamba anataka kumsikia mtu anayejulikana akinisemea.

Bwana Ishengoma akacheka kwa raha. "Mashine ikifanya kazi, Privatus, nitakusemea mpaka yule mzee akuonee haya."

Tukashikana mikono. Kazi ikaanza.

Nilifungua uso wa mashine kwa bisibisi ya kuazima. Ndani kulikuwa na wavu wa kuchujia hewa, umejaa vumbi la Dar es Salaam, jekundu na la kujivuna. Nikaufua kwa sabuni ya kufulia nikauanika juu ya mti wa kahawa. Kitundu cha kutolea maji kilikuwa kimezibwa na nyigu waliojenga nyumba ya udongo humo. Tulibishana nao, wakaniuma sikio, wakahama. Nikakung'uta, nikafuta, nikarudisha kila kitu mahali pake. Skrubu zilizobaki nilizitia mfukoni. Mashine haikuonyesha kuzikosa.

Mbele, chini ya vifungo, palikuwa na kijiti cha kuvuta. Sikujua ni cha nini. Nikakivuta hadi mwisho, kwa sababu kitu cha kuvutwa hakipendi kuachwa nusu.

Kikumbukeni hicho kijiti.

Nilipowasha, taa ya sebuleni ikasinzia, mashine ikanguruma kama kinu cha kusaga kilichomeza jiwe, halafu ikatulia. Baridi ikatoka. Baridi ya kweli. Bwana Ishengoma akavaa koti, akakaa mbele yake, akafumba macho.

"Dar es Salaam," akasema polepole.

"Dar si kuna joto, ndugu?"

"Nje. Mtu wa maana hakai nje."

Sharti moja nimelimaliza. La pili lilikuwa nyuma ya nyumba, na lilikuwa linaniaibisha.

Ndizi nilikuwa nimezikanyaga kwenye mtumbwi wa kukamulia, kwa nyasi, kama baba yangu alivyonifundisha. Maji yakatoka mazuri. Nikayachanganya na mtama wa kukaanga, nikafunika kwa majani ya mgomba, nikangoja yaumuke. Hayakuumuka. Mvua ilinyesha mfululizo, upepo wa ziwa ukapanda mlima, na rubisi yangu ikalala mtumbwini baridi kama samaki.

Shangazi akachovya kidole, akalamba.

"Hii mpe mtoto mchanga alale."

"Itaiva, shangazi."

"Itaiva Krismasi. Karugendo anakuja Jumamosi. Ukimpa mzee yule maji matamu ya ndizi, atakuuliza kama umekuja kuoa au kunyonya."

Nikazunguka nyumba kwa huzuni, nikajisemea niende walau kuona kama maji ya mashine yanadondoka vizuri kule nje ya dirisha. Nikainama chini ya tako la mashine.

Upepo wa moto ukanipiga usoni.

Nikarudi nyuma. Nikasogea tena. Moto. Si wa kuunguza. Ule wa kando ya jiko, wa kumfanya paka ajinyooshe.

"Shangazi, njoo uone."

Akaja, akanyoosha viganja. "Mbele inatoa baridi, na nyuma inatoa joto?"

"Ndivyo ilivyo."

Akafikiri. "Basi aliyeifunga ameigeuza. Sisi wa Bukoba tunahitaji nyuma."

Msinilaumu peke yangu kwa yaliyofuata. Tuliusukuma mtumbwi juu ya vigogo vya migomba mpaka chini ya dirisha. Nikajenga kibanda cha majani kuzunguka mtumbwi na tako la mashine, ili joto lisipotee bure. Hali ya uchumi haikuruhusu kupoteza joto. Bwana Ishengoma alikuwa anaiacha mashine ikinguruma mchana kutwa, akisema ni kuizoesha. Mimi nilimuunga mkono sana. Nilimwambia mashine ya namna ile ikizimwa hununa.

Hata siku haijapita, rubisi ikaanza kuimba. Mapovu yakapanda, harufu ikatembea. Jioni ya Ijumaa shangazi alionja akakaa kimya, na ukimwona shangazi amekaa kimya ujue amesifu.

Nikaichuja, nikajaza kibuyu kikubwa cha posa. Mdomo nikauziba kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni hadi likalegea, nikafunga kwa ugwe. Kibuyu cha posa, kwetu, hakifunguliwi na yeyote isipokuwa baba wa binti. Hata mwenye kukijaza haonji tena mpaka yule akifungue kwanza. Masalia yaliyobaki nikayaacha mtumbwini, na kibuyu nikakiweka kando yake.

Nililala kama mtu aliyekwisha oa.

Jumamosi Ndugu Ildefons akafika. Mtu mnene mwenye suti ya mikono mifupi, mpole wa uso, mwenye kusalimia hadi kuku. Bwana Ishengoma akamkalisha kwenye kochi mbele ya mashine, akaiongeza hadi mwisho. Mimi nikasimama mlangoni na sinia ya chai, nimejiweka tayari kupongezwa.

Wakazungumza habari za vijiji, habari za kahawa. Nikaona mgeni anashusha mikono ya suti, lakini ilikuwa mifupi, haikushuka. Akaingiza viganja kwapani. Mwishowe akasema:

"Ndugu Ishengoma, kwetu ni Njombe."

"Naam, ndugu."

"Baridi nimezaliwa nayo. Dar es Salaam nimejifunza joto kwa taabu, mpaka nikalipenda. Nimesafiri gari moshi na meli mpaka kwako. Kwa nini unanirudisha Njombe?"

Bwana Ishengoma akaniashiria nimimine chai.

"Na kingine," mgeni akainua pua. "Nyumba yako inanukia ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi."

Sasa kikumbukeni kile kijiti. Kumbe kazi yake ni kufungua kidirisha kidogo ndani ya mashine, ili ivute hewa safi kutoka nje. Na hewa safi ya nje ilikuwa inakaa ndani ya kibanda changu, na mtumbwi.

Kwa hiyo sebule nzima ya afisa, tangu makochi hadi picha za ukutani, ilikuwa inapuliziwa pombe.

"Ndugu, hiyo ni... ni migomba," alisema Bwana Ishengoma. "Ikichanua."

"Migomba ya hapa ikichanua inalewesha?" Mgeni akasimama, akaifuata pua yake, akatoka mlango wa jikoni. Sisi nyuma. Akainua jani la kibanda, akauona mtumbwi, akausikia ule upepo wa moto. Akageuza debe juu chini, akakaa, mgongo ameuelekeza kwenye mashine. Uso ukachanua.

"Ndugu Ishengoma, kumbe sebule ni hapa. Kule ulinipeleka stoo."

Akaomba aonje. Nikamkingia masalia ya mtumbwini, kikombe kimoja, cha pili, mpaka nikawa nakwangua mbao. Akauliza nani kaitengeneza. Nikasema ni mimi. Akauliza fundi wa mashine ni nani. Nikasema ni mimi. Akasema nchi inawahitaji watu kama mimi. Hapo kichwa changu kikavimba, ndipo nilipoanza kuwa mjinga kamili.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, ndugu," nikasema.

"Na hicho kibuyu?"

Bwana Ishengoma akanishika kiwiko, akanivuta hadi kwenye migomba.

"Kifungue."

"Ni cha Mzee Karugendo."

"Mzee Karugendo ndiye atakayenirudisha Dar?"

"Na akifika utamwambia nini?"

"Nitakusemea mpaka koo linikauke. Lakini kwanza koo la yule lisikauke. Usipokifungua, Privatus, mimi sikufahamu. Nitamwambia mzee nilikuokota barabarani."

Nikapima. Nikikataa, nina rubisi bila msemaji. Nikikubali, nina msemaji, na rubisi pungufu. Pungufu hujazwa. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya, na mwalimu wangu wa hesabu apumzike kwa amani, hakunifundisha hiyo.

Shangazi alikuwa anamenya ndizi kizingitini. Hakuinua kichwa.

"Ukikifungua hicho, usiniite nikufungie."

"Vikombe viwili tu, shangazi."

"Hata mimba huwa ndogo tu mwanzoni."

Nikakifungua. Mgeni akanywa, akafumba macho. Nikajazia maji ya mtungini, nikatikisa. Lile jani la kwanza lilikuwa limechanika, basi nikakata jingine palepale kwenye mgomba, nikaziba, nikafunga ugwe uleule, fundo lilelile. Nikasimama mbali nikitazama. Hata mimi sikuona tofauti.

Nilikuwa sijafuta kisu vizuri nilipomsikia Mzee Karugendo anapiga hodi.

Alikuja na kanzu, koti na fimbo. Klaudia nyuma yake na kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya harufu. Akapiga magoti akatusalimu, mmoja mmoja. Alipofika kwangu alinisalimu haraka, kama mtu anayevuka maji.

Mzee alitazama kibanda, akatazama tako la mashine, akatazama mgeni aliyetulia kwenye debe jasho likimtoka.

"Nyumba hii mnaipika?"

"Ni mashine, mzee," alisema Bwana Ishengoma, na kweli akaanza kunisemea. Jamani, alinisemea. Alisema mimi ni kijana mtiifu, fundi mkubwa, mjamaa wa kweli, sinywi, jambo ambalo shangazi alilikoholea. Mzee alisikiliza kila neno, akaitikia, akatafuna kahawa yake. Nikamwona Klaudia ananitazama, safari hii bila kuficha.

"Sharti moja nimeliona," mzee akasema. "Mtu ninamwona, na maneno anayo. Lete kibuyu."

Nikakileta kwa mikono miwili, nikapiga goti.

Hakukifungua. Alipitisha kidole gumba chini ya jani, pale lilipokatwa, akakitoa, akakitazama. Kidole kilikuwa kimelowa utomvu. Jani la mgomba likikatwa mbichi hulia, na hilo mtu wa Nshamba hahitaji kuambiwa. Mimi mwenyewe ni wa Nshamba. Nililijua tangu nikiwa na meno ya utoto.

"Rubisi hii ni ya lini?" akauliza.

"Ya jana, waitu."

"Rubisi ni ya jana. Kofia yake ni ya leo."

Akatuonyesha kidole kile, mmoja mmoja.

"Nani amekifungua?"

Ndugu Ildefons, kwa uungwana wake, akainua mkono akiwa bado kwenye debe. "Ni mimi mzee wangu. Nilionja kidogo. Sikujua. Lakini nakuhakikishia ni nzuri sana."

"Mzee," Bwana Ishengoma akadakia, "huyu ni mgeni wa taifa, kesho anarudi na meli. Na wakati huu ni wa Ujamaa. Hatusemi tena hiki changu, hiki chako. Kibuyu ni chetu sote."

"Na binti naye ni wetu sote?"

Bwana Ishengoma akarudi nyuma mpaka akagota kwenye mtumbwi.

"Waitu, nisamehe," nikasema. "Nitakanyaga nyingine. Mashine ipo, joto lipo."

"Rubisi utakanyaga nyingine. Posa haikanyagwi mara mbili." Akanigeukia sawasawa. "Ungeniambia mgeni amekunywa, ningecheka. Nimewahi kuwa kijana. Kimenyweka na bado kimejaa: wewe umejazia maji, ukakivisha jani, ukapiga goti mbele yangu. Kwetu kibuyu cha posa hufunguliwa na baba wa binti. Nyinyi mmemfungulia huyu."

Ndugu Ildefons aliona hali inaharibika, akataka kuiponya kwa utani, kama afanyavyo mtu mwema aliyekunywa. Akapiga paja, akacheka.

"Basi mzee, tusigombane. Kama mwenye kufungua kibuyu ndiye baba, mimi nimekifungua. Nimeshakuwa baba. Na mimi baba nimekubali. Kijana, mchukue mkeo."

Bwana Ishengoma akacheka sana, cheko la kutaka kurudi Dar. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Niliona mlango umefunguka. Shangazi peke yake aliweka kisu chini.

Mzee Karugendo hakukasirika. Alijifuta utomvu kwenye koti, taratibu. Akachukua fimbo yake.

"Sawa, ndugu. Baba umekuwa wewe, basi uwe baba kweli. Wakwe utawapokea wewe, kwenu, na binti akipigwa usiku atakimbilia kwako." Akamgeukia binti yake. "Klaudia, chukua kikapu chako, kaa karibu na baba yako. Meli yake inaondoka kesho, na utaondoka naye."